Baba Yako Si Fahali

Baba,

Nianze na ugomvi, salamu zitafuata. Ule mdomo wako uliochekesha Kabazi nzima ulituachia kazi ambayo nusura itushinde. Wewe ukaenda zako kupumzika. Sisi tukabaki kuzima moto uliouwasha ukiwa umeegemea mto, kikombe cha uji mkononi, ukipiga porojo na wageni.

Na usijifanye umesahau ulichosema. Wazee wa kanisa walikuja kukuombea, wakakaa sebuleni wakiongea kwa sauti ya matanga na wewe bado unapumua. Uliona hiyo hali haikufai. Ukawaambia, "Msinililie sana. Hata nikienda, nusu yangu itabaki Nakuru kwa mtungi wa binti yangu, kama fahali." Wazee wakacheka mpaka wengine wakafuta machozi. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Yeye hakucheka, na hakuna hata mmoja wetu aliyemtazama.

Ulijua vizuri ulichokuwa unasema. Miaka yote hiyo ulizunguka Kabazi na Subukia kwa pikipiki, nyuma umefunga mtungi wa mbegu za mafahali, ukipandisha ng'ombe wa watu. Mimi na Ndung'u tulikua tukiuona huo mtungi ukitoa moshi wa baridi kila ulipoufungua, na ole wetu tukiugusa. Ulitufundisha kwamba fahali mwenyewe alishakufa na nyama yake ikaliwa, lakini mbegu yake bado inazaa ndama kwa boma la Mwalimu Karanja. Ndiyo maana nilipokuambia kwamba maabara ninakofanya kazi tunahifadhi seli za wagonjwa kwa mtungi kama wako, ila mkubwa zaidi, hukuona ajabu yoyote. Daktari alipotaka kuchota uboho kwenye mfupa wa kiuno ili ajue unaumwa nini, ulisema achote na wa utafiti hapo hapo. Ulitia sahihi, ukalala kifudifudi, na swali lako lilikuwa moja tu: kama mtungi wetu unavuja.

Ulipotuacha tulikuzika hapo nyumbani, kando ya ua wa miti ya kayaba, mahali ulipopenda kuegesha pikipiki. Watu walikuja mpaka wakakosa pa kusimama. Tulipanda maua juu ya udongo kama ilivyo desturi yetu, Mama kwanza, kisha sisi watoto, kisha kanisa, na mwisho wakaitwa watu wa ng'ombe. Hao watu wa ng'ombe walikuwa wengi kuliko watu wa kanisa, utafurahi kusikia. Nikafikiri tumemaliza.

Wapi. Udongo ulipotulia vizuri, Ankoo Njoroge akaleta mchanga na kokoto ili kaburi lijengwe kwa simiti, na ule msalaba wa mbao ubadilishwe. Alishapanga siku na kanisa, mpaka fundi akaja kupima. Hapo ndipo Mama aliposimama katikati ya boma na kusema hakuna mtu atamwaga simiti juu ya mtu aliyezikwa nusu. Ankoo akadhani ni uchungu tu wa kufiwa, akamwambia apumzike kidogo. Unamjua mke wako. Fundi alirudi kwao na kamba yake ya kupimia.

Akanipigia simu. Aliniambia, bila salamu, kwamba wewe bado uko kwa baridi Nakuru, kwamba ulisema mwenyewe mbele ya wazee, na kwamba nikulete nyumbani kwanza ndipo kaburi lifungwe. Kwetu mtu huzikwa mzima, alisema, hata mguu uliokatwa hospitali huulizwa uko wapi. Mimi nikacheka. Nikatumia hoja yako, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo mkononi. Nikamwambia, Mama, fahali alishakufa zamani na mbegu bado inafanya kazi, na sijasikia mtu akitaka izikwe. Kisha akasema polepole, "Wairimu. Baba yako si fahali." Akakata.

Haki, Baba, sijawahi kufungwa mdomo hivyo. Umri huu wote nimejua kubishana kwa sababu nilijifunza kwako, na sentensi moja ya Mama ikanikalisha chini.

Wacha nikukumbushe ni kwa nini sikukimbia mara moja kuleta hicho kichupa chenye seli zako. Nilikueleza hii kazi ukiwa na homa, na sijui ulishika kiasi gani. Ndani ya uboho kuna seli mama. Kwake hutoka damu yote: nyekundu inayobeba hewa, nyeupe inayopigana na magonjwa, na vile vichembe vya kugandisha kidonda. Lakini hakuna seli inayozaliwa ikiwa kamili. Hupita hatua moja baada ya nyingine, na kila hatua hufungua jeni fulani na kufunga nyingine. Mimi nafuata jeni za vimeng'enya vinavyopitisha ujumbe. Hivi hupokea habari kwenye ngozi ya seli na kuipeleka ndani: gawanyika, komaa, sasa tulia. Jeni ikifunguliwa hutoa nakala zake, nasi tunahesabu hizo nakala kwa kila hatua, ili tujue kimeng'enya gani kinaongea lini na kinanyamaza lini. Watu wananiuliza nilisomea nini miaka yote hiyo. Nimesomea kujua nani anapaswa kunyamaza na hajanyamaza.

Ulifikiria kidogo, ukasema ni kama ng'ombe akiitisha, yaani akitaka fahali. Akiitisha kwa siku yake hiyo ni afya, unampandisha, anashika mimba, ananyamaza. Lakini kulikuwa na yule wa Mwalimu Karanja aliyeitisha kila mara, akiwarukia wenzake hata wenye mimba, na hashiki. Ulimpima ukakuta uvimbe. Ukanitazama na yale macho yako yaliyoingia ndani, ukaniuliza, "Kwa hivyo kuna kitu kwa damu yangu kimekataa kunyamaza?"

Nilisema ndiyo. Kuna kimeng'enya kimoja ambacho kwa mtu mzima wa afya hupiga kelele seli ikiwa changa, na seli ikianza kukomaa kinanyamaza. Kwako hakikunyamaza. Seli changa zikaendelea kuzaana bila kukomaa, zikajaza uboho, zile za maana zikakosa mahali pa kukaa. Ndiyo maana midomo ilikuwa myeupe na fizi zikitoka damu. Majirani, Mungu awabariki, walileta bitiruti, maini, supu ya kichwa, na thabai, yale majani yanayowasha, ya kuchemsha, kila mmoja akitaka kukuongezea damu. Wengine walisema ni ile gesi ya mtungi iliyokula damu yako, na nimechoka kuwaambia kwamba haikuwa hiyo. Shida yako haikuwa upungufu wa chakula, Baba. Nyumba ilikuwa imejaa wageni wasiotaka kutoka.

Kitu ambacho hatukujua ni mahali kelele hiyo ilipoanzia. Ilikuwa tayari kwenye seli mama, au iliingia hatua ya baadaye? Si swali la kujifurahisha. Kuna dawa za kukinyamazisha hicho kimeng'enya, na tungependa kujua zinatakiwa ziikute seli ikiwa wapi. Lakini wagonjwa wengi hutufikia wakiwa wameshaanza matibabu kwingine, na matibabu huvuruga hesabu. Wewe ulikuja kabla ya tembe ya kwanza, kwa sababu ulikuwa na binti mkaidi aliyeona damu kwa mswaki wako akakuingiza kwa gari siku hiyo hiyo. Vichupa vyako vingine tulivitumia kujifunzia njia. Kikabaki kimoja. Tukikifungua, seli zitachambuliwa, zitapasuliwa tupate nakala, na hapo zitakuwa zimekwisha. Hakutabaki kitu cha kuzika.

Kwa hivyo unaona nilivyobanwa. Nikikipeleka Kabazi, kazi yangu inasimama kwenye swali lile lile lililokuua. Nikikifungua, mama yangu hatafunga kaburi la mume wake mpaka afe.

Nilipeleka neno kwa Profesa. Ni mama mmoja mkali, hatabasamu mpaka Ijumaa, na ndiye anayetusimamia. Nilitegemea atasema sahihi yako inatosha tuendelee. Alisema inatosha mbele ya kamati ya maadili, lakini yeye haimtoshi. Hatafungua kichupa cha mtu ambaye mjane wake amesema hapana. Na kwa vile ni baba yangu, mimi mwenyewe sitakigusa kwa vyovyote, atakishughulikia mwenzangu Achieng. Kazi yangu ilikuwa moja, kwenda kuongea na mama yangu. Nilikasirika, kisha nikaona ana haki.

Nikapanda kwenda Kabazi nikiwa nimejipanga na hoja zangu zote. Nilimkuta Mama shambani akipalilia viazi, akanisalimu vizuri tu, akanipikia. Hatukuongea habari yako. Baadaye nikaingia chumbani kwenu kutafuta leso, nikaona kitanda. Upande wake alikuwa na blanketi moja. Upande wako alikuwa ametandika mbili.

Nilisimama hapo, Baba, hoja zote zikaniisha. Alinikuta nikilia akakaa kando yangu. Akaniambia kila akijifunika anaona aibu, kwamba yeye ana joto na wewe uko kwa barafu, na ulivyokuwa ukichukia baridi, mtu wa kuvaa sweta mbili hata mwezi wa pili. Aliniuliza kama huko unaisikia hiyo baridi. Alikuwa amebeba hilo swali tangu siku tuliyokuzika na hakuna aliyemuuliza ana nini. Nilikukasirikia siku hiyo, nakuambia ukweli. Ulifanya mzaha na wazee, ukamwachia yeye baridi.

Sikumjibu kwa hoja. Nilimwambia tu, Mama, njoo uone mwenyewe.

Alikuja Nakuru amevaa nguo ya Jumapili na kitambaa cha kina mama wa kanisa, na kikapu cha mukimo na kuku, kwa sababu kwa Mama huwezi kwenda mahali mikono mitupu, hata kama ni maabara. Profesa akamweleza kwamba ndani hairuhusiwi kula. Mama akasema basi mtakula nje, na kweli walikula nje, kwenye veranda, Profesa akiwa na kipaja cha kuku mkononi. Haikuwa Ijumaa na alikuwa anatabasamu. Kisha Mama akavishwa koti jeupe lililomfika miguuni, akaomba kwa sauti, akasema yuko tayari kukuona.

Alidhani atakuona, Baba. Hilo sikuwa nimelielewa. Alikuwa amejiandaa kama mtu anayeenda kutambua maiti.

Hatukufungua mtungi. Profesa alitoa kioo, kile kipande kilichopakwa tone la uboho wako siku ile ile ya kwanza na kutiwa rangi, akakiweka chini ya hadubini. Mama akainama. Alichukua muda kupata namna ya kuangalia, akifunga jicho lisilofaa, kisha akatulia kabisa. Akauliza mbona ni nyingi hivi na zote zinafanana. Nilimwambia zile kubwa za zambarau zilizojaa kila mahali ni zile changa zilizokataa kukomaa. Akauliza ni hizo ndizo ziko kwa kichupa. Nikasema ndiyo, karibu zote.

Aliinua kichwa. "Hizi ndizo zilimuua?"

Nikasema ndiyo, Mama. Ni hizo.

Akarudi kwa hadubini akaziangalia tena, safari hii kwa muda mrefu, jinsi anavyomwangalia mtu aliyemkosea kanisani. Alipoinuka alitafuta kiti akakaa, akaanza kucheka na machozi yakimtoka. Alisema, "Nilidhani mmebaki na mume wangu. Kumbe nilikuwa naomba mniletee muuaji nimlaze naye."

Sikutaka adanganyike, hata kama ilikuwa inanifaa. Nikamwambia kuna na chache nzuri humo, zako hasa, zilizokuwa zikifanya kazi mpaka mwisho. Nikamwonyesha moja pembeni ya kioo, seli nyeupe iliyokomaa vizuri, kiini chake kimegawanyika vipande. Nikamwambia pia kwamba haisikii baridi, kwamba seli haina cha kusikilia, na kwamba kuishi kwake ni kama mbegu ya mahindi ghalani. Nikamwambia tukifungua, nzuri na mbaya zote zitakwisha, na akisema hapana, hatutafungua. Nilijua nahatarisha kazi yangu yote, kwa sababu Profesa alikuwa amesimama hapo na angeshika neno la Mama.

Mama alifikiria. Alifungua kitambaa akakifunga tena vizuri. Akauliza hizo chache nzuri zina kazi gani kwenu. Nikasema ndizo tunazolinganisha nazo, hatuwezi kujua mbaya imekosea wapi bila kuona nzuri ya mtu huyo huyo ilipitaje. "Basi zibaki nanyi," akasema. "Kesi haiendi bila shahidi." Kisha akamgeukia Profesa, si mimi, na kumwambia kwa upole wake wa kanisani, "Fungueni. Na hizo zingine zibaneni mpaka ziseme."

Achieng alizifungua wiki hiyo. Nilikaa chumba cha pili nikijifanya nasoma. Alikiyeyusha kichupa kwenye maji ya uvuguvugu, akatia rangi ya bluu inayoingia seli zilizokufa na kushindwa kuingia zilizo hai, na akaniita mlangoni kuniambia kwamba nyingi zimekataa rangi. Ulikuwa umehifadhika vizuri. Mtungi wetu hauvuji, Baba. Mashine ikazichambua hatua kwa hatua, nakala zikahesabiwa, na hesabu ikaja kwangu ikiwa na namba tu bila jina, kama za wengine.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo nililokuandikia. Kelele haikuanzia kwa seli mama. Hapo palikuwa kimya kama kwa mtu yeyote. Hatua iliyofuata jeni ilifunguka, na ilifunguka mahali pake pa haki, kama ilivyo kwa watu wazima wa afya na kama ilivyokuwa kwa zile seli zako chache nzuri. Kosa lilikuwa mbele yake. Palipo na hatua ya kufunga, nzuri zilifunga na mbaya hazikufunga. Mlango mmoja, Baba. Naujua sasa uko wapi. Wewe ni mtu mmoja, na Profesa hataki nitangaze chochote mpaka tuuone kwa wengine, na yuko sawa. Lakini tunajua pa kuangalia, na sisi wote hapa tumeanza kuangalia hapo.

Mama aliniuliza kama mlango huo ni wa ukoo, kama mimi na Ndung'u tunao. Nilimwambia ugonjwa kama wako kwa kawaida hauji na ukoo, mlango huharibika mtu akiwa tayari mtu mzima. Alishusha pumzi. Ndung'u naye ndiye anayeendesha pikipiki yako sasa, anakwenda kozi ya kupandisha ng'ombe, na wateja wako wanamwambia ana mkono mwepesi kuliko wako. Nimeona nikuambie kabla hujaambiwa na mtu mwingine huko. Upande wako wa kitanda una blanketi moja, na juu yake Mama huweka nguo za kupiga pasi.

Na kaburi limefungwa. Fundi alirudi na kamba yake, Ankoo Njoroge akasimamia mchanganyiko mwenyewe kwa sababu hamwamini mtu. Wazee wale wale walikuja, wale uliowachekesha. Mmoja wao, bila ubaya, akauliza mbele ya watu kama ile nusu ya Mzee iliyobaki kwa mtungi imeshaletwa.

Mama ndiye aliyejibu. Alisogea mpaka kwenye ukingo wa mbao za simiti, akasema kwa sauti waliyoisikia mpaka barabarani: "Mzee yuko hapa, mzima. Kilichobaki Nakuru si yeye. Ni kile kilichomuua, na binti yake amekishika shingo." Kisha akamwambia fundi, "Mwaga."

Lala, Baba. Lala mzima, hujaacha kitu kwa baridi. Mimi sijaachilia, na nakuahidi siachilii.

Binti yako,
Wairimu